Goli la Upande wa Mikoko

Sina cheti cha ukocha. Nilikuwa na cha darasa la saba, nacho kilikwenda na mafuriko yaliyochukua nyumba yangu na mpunga wangu kule Maparoni. Nilitoka na mke, watoto na sufuria mbili, nikaja Kibiti kuwa mlinzi wa chuo. Chuo hakikuwa na timu ya mpira. Niliianzisha mimi, jioni baada ya zamu, na wanachuo wakaniita Kocha kabla uongozi haujajua.

Majina sitaji, ila wabaya wangu nitawataja kwa vyeo, wakijisoma wajijue. Wa kwanza ni mwalimu wa michezo. Tulipoingia fainali ya vyuo, alipeleka barua kwa mkuu wa chuo kwamba ni aibu timu kufundishwa na mtu wa getini. Wa pili ni makamu mkuu aliyeiunga mkono ile barua, mtu niliyekuwa namfungulia geti kila asubuhi kwa salamu. Mkuu wa chuo, mama asiye na maneno mengi, akaamua: nikishinda nabaki na timu, nikishindwa filimbi naikabidhi.

Fainali ikapangwa deltani, uwanja wa kijijini kwetu Maparoni, saa kumi jioni, siku ya mwezi mpevu. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekubali siku hiyo. Hakuuliza mtu. Nami nikanyamaza, maana mwezi mpevu ni bamvua, na wakati wa bamvua maji ya bahari hupanda mpaka goli la upande wa mikoko. Tena hayaji kwa juu ukayaona. Yanatokea chini, kwenye matundu ya kaa.

Nikamwambia nahodha, "Ukishinda kura ya shilingi, tushambulie upande wa mikoko kwanza."

Mwalimu wa michezo akadakia, "Bwana mlinzi, huko upepo unawapiga usoni. Hata mtoto anajua."

"Mwalimu, upepo haumshiki mtu mguu."

Nahodha akanisikiliza mimi. Kwa tabu, upepo ukitupiga usoni, tukapata bao moja. Mapumziko nikawaambia wavue njumu. Wapinzani wakacheka: "Hao wamechoka, wanakwenda kuvua kaa."

Kipindi cha pili zamu ya kushambulia mikoko ikawa yao, na ardhi ikaanza kutoa maji. Mshambuliaji wao akabaki peke yake na kipa wetu. Mpira ukanasa topeni, yeye akaupita, akaenda kukaa chini kama aliyealikwa. Beki wetu, mtoto wa majaruba ya mpunga ya Mtunda, akauchota kwa mguu mtupu, akautupa mbele kulikokauka. Bao la pili.

Kocha wao, mwenye vyeti vyake, akamfuata refa. "Simamisha mchezo, maji yanapanda."

"Nikaiambie nini bahari?" refa akamjibu, akaendelea.

Mbili bila. Kombe alilishika mwalimu wa michezo kwenye picha, makamu mkuu pembeni yake, mimi sionekani. Nalisema hili bila kuficha kwa sababu hiyo picha ipo ofisini mpaka leo. Lakini mkuu wa chuo alimgeukia mwalimu palepale uwanjani, miguu yake ikiwa majini.

"Mwalimu, ile barua yako iko wapi?"

"Niliiacha ofisini kwako, Mkuu."

"Basi iache hukohuko."

Filimbi bado iko shingoni mwangu. Getini sasa wamemweka mtu mwingine, naye hunifungulia.