Mashua Hupokelewa Mchangani

“Ule hatarudisha hata sufuria.” Maneno hayo, mwanangu, niliyasikia kwa masikio yangu nikipita sokoni Nchelenge, huku kwetu Zambia kando ya Ziwa Mweru, siku chache baada ya kurudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya tisini, na bado nayakumbuka kana kwamba yalisemwa leo asubuhi. Walisema sitaweza kuuvusha mchezo wa kuigiza hadi kisiwa cha Kilwa, kile cha humuhumu ziwani. Walisema vitu vya watu nitaviuza Chienge, kisha nitapotelea nilikotoka.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam. Huko nilijisomesha mwenyewe, mchana nikibeba magunia, jioni nikiwa darasani, mpaka nikapata diploma ya kusimamia miradi ya sanaa. Sikubebwa na mjomba wala mfadhili. Pwani yetu yote ya Mweru hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama ile, nami sikuona sababu ya kuificha. Niliitundika ukutani mkabala na mlango, ili hata mpita njia aione.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeielewa kazi yangu. Bana Mwansa, yaani Mama Mwansa, mjane aliyekuwa akiuza samaki wakavu na aliyerithi ngoma za marehemu mume wake, aliniuliza mbele ya watu: “Weye unaimbaka?”

“Hapana, mama.”

“Unachezaka? Unapigaka ngoma?”

“Hapana. Mimi nahakikisha mwimbaji, ngoma, chombo na watazamaji wanafika mahali pamoja siku moja.”

Akawageukia wenzake. “Munasikia? Kazi yake ni kungojea wengine bafanye kazi.”

Walicheka, na vicheko vyao vilinifuata mpaka nyumbani. Usiwalaumu sana. Katika ufukwe ule, mtu asiyeshika wavu wala jembe, lakini anayepita akikusanya vitu vya wenzake, ana jina moja tu, nawe unalijua.

Mchezo wetu ulihusu miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazae. Ulimcheka mvuvi mjanja anayetumia nyavu za matundu madogo zilizokatazwa, akamaliza samaki wachanga, na mwishoni mke wake akapika chungu cha maji matupu. Walinzi wa uvuvi walitupenda kwa sababu hiyo. Miezi ile walipekua kila chombo, na wakikuta nyavu hizo walichukua mashua pamoja na kila kilichomo, bila kuuliza ni cha nani. Lakini sisi, kila tulipopita tukienda mazoezini, walitupungia mkono tu. Likumbuke hilo, maana kuna mtu mwingine aliyeliona kabla yangu.

Mali yangu mwenyewe ilikuwa diploma na viatu. Kwa hiyo niliazima. Wanawake wa kwaya walinipa vitenge vyao vya sare, fundi wa redio akanipa kipaza sauti na betri, mama mmoja wa sokoni akanipa sufuria kubwa ya kuwapikia waigizaji, na Bana Mwansa, baada ya kunizungusha sana, akakubali kutoa ngoma. Kila mmoja aliniuliza swali lilelile, tena kwa ukali: vitarudi lini? Nilichukia swali hilo. Lilinifanya nijione mwizi aliyekamatwa kabla ya kuiba.

Mtu mmoja tu hakuuliza. Alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Papa Dieudo, mwenye mashua ya mbao yenye injini, bwato kama tuitavyo kwetu. Alikuja kwangu amevaa koti, akasimama mbele ya ukuta, akaisoma diploma yangu yote mpaka mhuri.

“Directeur,” akaniita, yaani mkurugenzi. “Bwato yangu ni yako. Tuko famille.”

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniita directeur tangu nizaliwe. Mimi niliyekuwa nikimshuku kila mwigizaji aliyeomba ruhusa ya kwenda msibani, niliyeichungulia sufuria kuona kama nyama imepungua, sikumuuliza mtu huyu hata swali moja. Shule ilinifundisha kumshuku anayechelewa. Haikunifundisha kumshuku anayewahi.

Asubuhi ya safari tulishusha vitu ufukweni. Mashua ilikuwa tayari inaelea, injini imefungwa nyuma, na Papa Dieudo amesimama kando yake, maji yakimfika magotini. Waigizaji walikuwa wakijiandaa kupakia vitenge. Ndipo Bana Mwansa akatokea na kukaa juu ya ngoma yake kubwa kama mtu anayekaa juu ya kiti cha sebuleni.

Angeweza kusema nami Kibemba. Siku ile alichagua Kiswahili cha sokoni, ili mtu wa ng'ambo naye asikie.

“Hii bwato uliipokea wapi? Mu mayi ao ku muchanga?”

Majini au mchangani: nilijua anachouliza. Kwetu, mtu akiazimwa chombo hukipokea kikiwa kimepinduliwa mchangani, ili mwenye nacho na mwazimaji waone pamoja kwamba ni kizima na hakina kitu ndani. Hurudishwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi, na desturi hiyo niliihesabu kuwa ya wazee wasio na risiti.

“Mama, tutachelewa,” nikasema.

“Mutu mwenye haraka ana kitu anaficha. Mi simushuku huyu wa koti, simujui. Nakushuku weye. Nilikujua ukiwa mutoto. Pindua bwato.”

“Mutaharibu moteur yangu!” Papa Dieudo akapiga kelele.

Sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nimeungua kwa hasira, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameniita mwongo mbele ya kundi langu. Nikafungua mwenyewe skrubu za injini, nikaibeba begani hadi nchi kavu, nikawaita vijana tukavuta mashua mchangani. Nilitaka wote waone kwamba haina kitu. Tukahesabu pamoja, tukaipindua.

Mbao za sakafu zilianguka kwanza. Baada yake yakaja magunia, yamefungwa vizuri kwa kamba. Moja lilipasuka, na nyavu zikamwagika, mpya, za matundu madogo kiasi kwamba kidole changu hakikupenya.

Ndipo nikaelewa: alitaka nyavu zake zivuke chini ya mkono ule wa walinzi wanaotupungia. Nilijiona nikifika Kilwa na walinzi wakichukua ngoma za marehemu, vitenge vya kwaya, betri, sufuria, kila kitu. Halafu Papa Dieudo akatabasamu, akaniambia kwa sauti ya kirafiki: “Directeur, kwa nini unawaficha? Si tulipatana?”

Macho yote yakanirudia mimi. Maneno ya mwizi na ya asiye mwizi hufanana kabisa asubuhi kama ile. Nikajitwika gunia moja kichwani, nikashika njia kuelekea kituo cha walinzi, mchana kweupe, nikipita katikati ya soko lilelile. Nilipogeuka nyuma, Papa Dieudo alikuwa tayari ameigeuza mashua yake na anaisukuma majini, koti limelowa.

“Sasa unaamini?” nikamuuliza Bana Mwansa niliporudi.

“Mwizi wa akili pia anapelekaka mizigo kwa polisi,” akajibu. “Lakini ngoma zitaenda. Na mi nitaenda, nimekaa juu yao.”

Kaka yake akatuazima mashua ya makasia. Tuliipokea imepinduliwa, nikaupapasa ubao mmoja mmoja mbele ya wote. Tulifika Kilwa tumechelewa, migongo ikituuma, na safari hii walinzi hawakutupungia mkono. Walipekua mpaka ndani ya ngoma. Hawakukuta kitu. Mchezo ukachezwa, kisiwa kizima kikacheka chungu cha maji matupu, na Bana Mwansa akacheka kuliko wote, bila kuinuka juu ya ngoma aliyoikalia.

Tuliporudi sikungoja mtu aje kudai. Vitenge nilivirudisha vimefuliwa na kukunjwa. Betri ilirudi imechajiwa. Sufuria niliisugua kwa mchanga mpaka mwenyewe akauliza kama ni yake. Ngoma nilizipeleka mwisho. Bana Mwansa alizipindua moja moja, akaingiza mkono ndani, akanusa ngozi, akagonga kwa kidole na kusikiliza. Nilisimama pale na diploma yangu yote kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

“Zimerudi,” akasema. Akatazama ziwa kidogo. “Na mwaka kesho unazitaka lini?”

Tangu siku ile sikukosa kitu cha kuazima katika pwani ile, na hakuna aliyenipita katika kazi hii. Hilo nalisema bila aibu.

Sasa wewe unayeanza kusimamia kazi za wasanii, nisikilize. Anayekuuliza kitu chake kitarudi lini, mjibu kwa heshima; huyo amekuazima kitu hicho na hataki zaidi. Asiyeuliza, muulize wewe anataka nini, hata kama amekupa cheo. Chombo kipokee mchangani, kimepinduliwa, wote wakiona. Wakikushuku, usijitetee kwa mdomo. Pindua.

Mungu akupe kazi ya kukuchosha na vitu vya kurudisha, akuepushe na wanaoisifu karatasi yako ukutani, na akupe watu wa kukushuku mbele ya uso wako, mapema, kabla mashua haijaondoka.