Chapa ya Kinywa cha Baba Mkwe

Miaka ya ruksa, bidhaa za kila aina zilipoanza kuingia Kyela, daktari wa meno niliyemsaidia pale Mbugani alipata silikoni ya kuchukulia chapa ya kinywa. Kuichanganya ilikuwa kazi yangu. Ina unga laini wa mawe ndani yake. Unga ukizidi inakuwa nzito kama kinyunya na haisogei, ukipungua mno inatiririka kooni. Yetu ilikuwa nyepesi kiasi, ya kupenya kila kunyanzi la ufizi. Ila ukishatia kigumishi huna nafasi ya kupiga soga, maana kwa joto la Kyela inaganda upesi.

Siku moja akaja baba mkwe kutoka Ipyana. Meno yalikuwa yamemwisha, na mzee aliyezoea kula na wa rika lake sasa alijifungia chumbani na ndizi za kuponda, kwa aibu. Nilimhurumia kweli. Lakini kwa mila zetu mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni. Tangu niolewe, nikimwona kwa mbali nilijitanda khanga na kukatiza migombani.

Daktari, mtu wa pwani, hakuona tatizo. "Changanya nyuma ya pazia, unipe."

Nikachanganya, nikampitishia. Hadi anamweka mzee sawa, silikoni ilikuwa imeshaanza kuganda. Chapa ikatoka na mabonde yasiyo na maana. Kopo lilibakiza ya mara moja tu.

"Mama, safari hii njoo uchanganyie hapa kwenye kiti," daktari akasema. "La sivyo mzee anarudi na mapengo yake."

Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani kumpiga daktari na kopo lenyewe. Ndipo nikamsikia mzee: "Daktari, mwambie nimejifunika."

Nikatoka. Alikuwa amejitanda shuka lake usoni, kinywa tu kikionekana. Miaka yote mimi ndiye niliyejifunika kwa ajili yake. Nikachanganya palepale, na silikoni ikaingia ingali inatiririka.

"Ndaga fijo," alisema chini ya shuka, kumshukuru daktari, au mimi.

Meno ya bandia yalipokuwa tayari alirudi kula uwanjani na wenzake, wali na samaki mbasa. Nilikuwa jikoni, nimegeukia ukuta, nikimsikiliza akitafuna na kucheka kuwashinda wote. Nililia kwa furaha.

Alizikwa sijawahi kuuona uso wake. Ile sanamu ya plasta ya ufizi wake, iliyomiminwa kwenye chapa ya siku ile, ninayo kabatini, na sijawahi kuitazama bila kujitanda khanga kwanza.