Saa Moja Kabla ya Chai

Jescah wa Lumakanda hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kupoteza akili angali hai, na mwaka huu dalili zote aliziona. Jua kali la mchana lilimkuta amevaa sweta mbili. Alisinzia akikamua, ng'ombe akaipiga ndoo teke. Kisha Jumapili moja mjukuu wake, aliyemlea tangu akiwa na wiki tatu, akasimama mbele yake, naye akamtazama, akamtazama, jina likakataa kuja. Mtoto alicheka akidhani ni mchezo. Jescah akaenda nyuma ya ghala la mahindi kulia.

Na dawa alikuwa anameza! Tezi ya shingo ilitolewa mwaka uliopita pamoja na rovu, ule uvimbe wake wa shingo, na tangu hapo alimeza kila asubuhi bila kukosa kidonge cha kufanya kazi ya tezi hiyo. Mara mbili kliniki walimwongezea dozi. Sasa alipanga kumeza viwili viwili kimyakimya. Bahati yake, kwanza alienda kuchukua dawa za mwezi, na Chepng'etich, mfamasia wa duka la dawa, akamwuliza anazimeza na nini.

"Na chai," Jescah akasema. "Mimi hukunywanga chai kwanza. Dawa kwa tumbo tupu inachomanga."

Nani Lugari nzima asiyejua hilo? Mgonjwa hapewi dawa kabla ya chai, na mwenye ng'ombe wake hapiki chai ya kubabaisha. Ya Jescah nusu yake ni maziwa. Chepng'etich hakumcheka. Alimweleza kwamba chakula na chai ya maziwa huizuia dawa hii isiingie mwilini sawasawa. Aimeze kwa maji matupu, kisha angoje saa moja. Vidonge vya kuongeza damu au vya mifupa vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne.

"Na usiongeze hata moja, Mama. Ikizidi, moyo inaenda mbio. Ambia kliniki umebadilisha, wapime damu baada ya wiki sita. Hiyo dozi inaweza kuwa mingi sasa."

Saa moja bila chai! Jescah aliona amefungwa jela. Lakini kesho yake alimeza kidonge kwa maji, akaenda kukamua, akakata majani, akawasha moto, akachemsha maziwa, na alipomimina kikombe cha kwanza saa ilikuwa imekwisha zamani.

Sweta moja ilivuliwa, kisha ya pili. Kliniki walipima, wakapunguza dozi. Asubuhi moja alikiweka kidonge kiganjani akakitazama. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi, na ndani yake mlikuwa na joto la mwili wake, nguvu za mikono yake, na majina ya watu wote aliowapenda. Alistaajabu mpaka akaogopa. Sufuria ya chai, chai tu, ndiyo iliyomfungia mlango mwaka mzima.

Alimeza, akachukua ndoo, akaenda zizini. Maziwa yalikuwa yamefika nusu aliposikia nyayo za mtoto nyuma yake, na kabla hajageuka wala kufikiri, mdomo ukasema wenyewe.

"Shantel."

"Kukhu?" mtoto akamwitikia bibi yake.

Hakuwa na la kumtuma. Mikono ilisimama kwenye chuchu za ng'ombe, machozi yakamtoka.

"Shantel," akasema tena.