Kikombe cha Yangkyi

Kwa miaka tisa nilimsuka Pedon nywele kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Aliletwa nyumba yangu, namba kumi na moja katika makazi ya watoto wakimbizi wa Tibet, akiwa na miaka mitatu, miguu imebabuka kwa theluji ya mpakani. Nina watoto thelathini na wawili, na mama wa nyumba haruhusiwi kupendelea. Mimi nilipendelea, ila nilijua kuficha.

Mimi mwenyewe nililelewa katika makazi haya haya. Wazazi wangu walikufa wakijenga barabara huku uhamishoni, na mama wa nyumba niliyemwita Ama, yaani mama, niligawana na wengine. Kwa hiyo Pedon aliponiita Ama, nililiona neno hilo ni langu peke yangu.

Alipofikisha miaka kumi na miwili, mama yake mzazi, Yangkyi, aliyebaki ng'ambo ya mpaka, akapata kibali cha kuja kuhiji, siku kumi na nne tu, kisha arudi Tibet. Nilimpokea kwa skafu nyeupe kama inavyopasa, huku moyo unaniwaka wivu. Siku ya pili alishaingia jikoni kwangu, anamkandia Pedon unga wa shayiri kwa mkono. Binti ambaye kwangu huuona unga huo adhabu, akala na kulamba vidole. Siku ya tatu Yangkyi akafumua mistari yangu, akamsuka misuko myembamba ya kwao. Nikasema imembana utosini. Hakuna aliyenisikiliza.

Siku ya kuondoka, Yangkyi alinishika mikono.

"Dada Choenyi, mimi nimemzaa tu, wewe ndiye uliyemlea. Nikijaliwa nitarudi."

Ningeweza kufurahi. Nilisikia lile la mwisho tu.

Kwetu msafiri akiondoka, kikombe chake hujazwa chai ya siagi na kuachwa mezani, ili apate kurudi. Pedon alikijaza mwenyewe, kisha akamsindikiza mama yake hadi kituo cha basi. Walipopotea kwenye kona, nilimwaga chai, nikakiosha kikombe, nikakificha kabatini. Nikafagia na chumba, jambo ambalo hata mtoto mdogo anajua halifanywi siku hiyo, maana humzuia msafiri asirudi.

Pedon alirudi macho mekundu, akatazama meza.

"Kikombe kiko wapi?"

"Nilikuwa naosha vyombo, nikasahau."

"Si wewe uliyenifundisha kwamba hakiguswi?"

Alikitoa kabatini, akakijaza upya mpaka chai ikamwagika. Nikachukua kitambaa nifute.

"Acha tu, mama wa nyumba," akasema.

Hivyo ndivyo wanavyoniita watu wa ofisini, na hivyo ndivyo anavyoniita yeye mpaka leo. Ana miaka kumi na saba, anajisuka mwenyewe. Yangkyi hajapata kibali kingine. Kila asubuhi nakijaza kikombe chake kwa mkono wangu, na hakuna mtu duniani ninayemwombea arudi kama ninavyomwombea yeye.