Moto wa Fundi wa Springi

Fundi wa springi hapa Zombe ni mama wa viganja vipana, na kabla ya kununua chuma chochote hukigonga kwa nyundo ndogo na kukitegea sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Ukimwuliza bei kabla hajamaliza kusikiliza, anagonga tena. Mkataba wa biashara ulipoondoa ushuru, springi mpya za malori ziliingia kutoka ng'ambo kwa bei ya kutupa. Mimi, mwenye duka la spea mkabala naye, nilijaza rafu nikingoja moto wake uzime. Wateja walivuka barabara wakaja kwangu. Lakini springi zile ziliundwa kwa ajili ya barabara za lami. Makorongo yetu yakazilaza.

Siku ya soko la mifugo, Sahal, mchuuzi wa mbuzi, akaleta kwake lori lililokalia magurudumu. "Mama, niokoe." Fundi akavuka hadi dukani kwangu na kuzigonga springi zangu moja moja. "Jirani, chuma ni kizuri kuliko changu. Mkunjo ndio waliozitengeneza hawajui. Nipe bei ya jumla." "Unachukua ngapi?" "Zote." Akaziweka motoni, akazikunja upya, akazizamisha kwenye oili chafu zikaze. Jioni lori la Sahal lilipanda korongo limejaa mbuzi, mgongo umenyooka, na soko zima likapiga vigelegele.

"Waambie hao wa mkataba," fundi akaniambia akipangusa jasho, "waondoe na ushuru wa makaa."

Nilikuwa tayari kwenye simu, naagiza springi zingine za kumuuzia.