Shigela wa ubaoni, mwandika bei ya shilingi ya Kenya

Saa mbili na nusu asubuhi, Shigela Masele anasimama mbele ya ubao mweusi kwenye lango la soko la dagaa, kando ya ziwa jijini Mwanza. Simu iko sikioni, chaki mkononi. Nyuma yake wanunuzi kutoka Kenya wametulia kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

"Rudia," anamwambia mtu wa duka la kubadilishia fedha. "Rudia tena."

Kisha anaandika: KENYA 19.10.

Watu wanaguna. "Mzee, jana ilikuwa kumi na tisa na nusu!" analalamika mmoja.

"Jana ilikwenda na dagaa wake," anajibu Shigela bila kugeuka.

Namba hiyo ni shilingi za Tanzania zinazopatikana kwa shilingi moja ya Kenya. Mnunuzi akiiona, anajua atamudu magunia mangapi, anapatana na muuzaji, halafu anakwenda kubadilisha fedha ili alipe. Chama cha wauza dagaa humlipa Shigela shilingi 5,000 kwa siku.

Simu zimejaa, ubao wa nini?

"Kila simu ina namba yake," anasema mzee huyo wa miaka 59. "Ubao ni mmoja. Na hauishiwi chaji."

Alianza kazi hii mwaka 1993, shilingi ya Kenya ikiwa saba na kidogo. Tangu hapo mpaka mwaka jana aliandika kwa rangi, tena kwenye mbao nyepesi zilizooza haraka kwa unyevu wa ziwa. Mbao zilizochoka alizibeba hadi nyumbani kwake Kisesa, ambako hakuna kinachotupwa.

Ndiyo maana mlango wa banda la kuku umeandikwa 10.50. Wa jiko ni 17.30, wa mwaka 2008. Zizi la mbuzi ni 21.60. Mgeni akiuliza choo kiko wapi, mke wake, Bernadeta, humwelekeza bila kutabasamu: "Pita jikoni, nenda kumi na tano nukta nane."

"Na ile saba?" namuuliza.

"Saba ililiwa na mchwa," anasema Shigela. "Walifaidi. Ilikuwa bei nzuri."

Baba yake alikuwa mpakiaji mizigo kwenye meli za Kisumu, enzi ambazo shilingi ya hapa na ya kule ilikuwa moja. Hata kila nchi ilipopata shilingi yake, thamani hazikupishana sana kwa miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya themanini, yetu ilipoanza kuteleza. Baba huyo alipokuja sokoni kumwona mwanawe kazini, aliutazama ubao.

"Aliniuliza, 'Hizo sita zilizozidi zimetoka wapi?'" anakumbuka Shigela.

Namba ya mlango wa choo, 15.8, ni ya mwanzoni mwa mwaka jana, shilingi ya Kenya iliposhuka ghafla. "Wakenya walininunia kama mimi ndiye niliyeishusha. Mmoja aliniomba niongeze shilingi mbili tu, kwa nusu saa, apatane kwanza."

Alikataa. Lakini asubuhi moja ya Juni mwaka huohuo aliongeza bila kuombwa.

Asubuhi hiyo alitoka nyumbani na miwani ya Bernadeta, ambaye ni fundi cherehani Mkuyuni. "Miwani yake ni ya kutunga uzi kwenye sindano," anasema. Dukani walimwambia 20.3. Yeye akaandika 23.0.

Perpetua Awuor, mfanyabiashara wa Homa Bay, aliiona namba akafurahi. Alikuwa na shilingi 104,500 za Kenya. Akapatana na muuzaji, Zakia Jumbe, magunia kumi na sita, kila moja shilingi 150,000, jumla milioni 2.4. Magunia yakapakiwa, yeye akaenda kubadilisha fedha.

Akarudi na milioni mbili, laki moja na ushee.

"Mama, hizi hazitoshi," Zakia akamwambia.

"Kwa ubao zinatosha."

"Basi kaulipe ubao!"

Wakamfuata Shigela, na nusu ya soko nyuma yao. Shigela akaitazama namba, haikumwonyesha kosa lolote. "Nilipoivua miwani ndipo nikaona vizuri," anasema. "Nilitamani ziwa lipande kidogo linichukue."

Magunia mawili yalipaswa kurudi. Ya Awuor, hata hivyo, yalikuwa chini kabisa ya lori, juu yake yamelala ya watu wengine. Wapakiaji sita wakakunja mikono.

"Mzee, sisi tumelipwa kupakia," mmoja akasema. "Kushusha ni namba nyingine."

Shigela akavua shati, akapanda. Alishusha gunia la kwanza, la pili, la tatu. La nne likamshinda, akalikalia. Hapo Zakia, aliyekuwa bado amenuna, akaangua kicheko, akafunga kanga kiunoni na kushika pembe ya gunia. Awuor naye akavua viatu.

"Tulikuwa watatu tunashusha, sita wanatutazama," anasema Shigela. "Kisha tukapakia upya. Siku tatu shingo haikugeuka."

Jioni viongozi wa chama walikutana wakitaka kumwondoa. Awuor aliahirisha safari ili awepo.

"Miaka thelathini amekosea mara moja," aliwaambia. "Mnipatie mwingine wa hivyo, nimpeleke Homa Bay."

Zakia akaongeza: "Na mkimfukuza, nani atashusha magunia?"

Alibaki, kwa sharti kwamba kila asubuhi Zakia aisome namba kwa sauti kabla haijaanza kutumika. Mpaka leo huisoma, wakati mwingine mara mbili, kwa kumkomoa tu.

Hata hivyo, Shigela anajiandaa. Amesikia viongozi wa Afrika Mashariki wakizungumzia sarafu moja. "Ikija, mimi nitaandika nini?" Kwa hiyo amenunua lita nne za rangi ya mafuta, na ana mpango wa kufungua karakana ya mabango Kisesa.

Kazi ya kwanza ameshaipata. Ananionyesha bango la saluni, herufi nyekundu zilizonyooka: MODESTA SALUNI, TUNASUKA NA KUSETI.

"Nimeipenda hii," anasema akifuta brashi. "Haina namba hata moja."

Simu yake inalia. Ni Modesta mwenyewe. Shigela anasikiliza, anaitikia mara mbili, kisha anavuta kigoda na kukaa.

"Anataka niongeze namba ya simu," anasema. "Tarakimu kumi."