Nilimwambia Shaibu Regulata Iko Sawa

Nitukaneni kwanza, halafu mnisikilize. Rafiki yangu nilimwacha ashuke chini ya bahari huku nikijua kifaa chake cha kupumulia kimepasuka. Nilijua! Asije mtu hapa akanitetea.

Mimi ni mpiga mbizi, natembeza wageni chini ya maji, naishi Mikindani. Shaibu nilimfundisha mwenyewe. Alikuja kutoka Mpapura, kwao wakulima wa korosho, hata kuogelea kwenyewe alikuwa anabahatisha. Nani alimshika mkono? Mimi! Hilo ndilo lililokuwa likinichoma.

Maana mwaka jana alikuja mgeni mmoja mzee na regulata ya kizamani, kile kifaa tunachofunga kwenye mtungi wa hewa. Za siku hizi zina mpira mwembamba tu. Ile ilikuwa na mipira miwili minene yenye mikunjo, inakuzunguka shingo, na mapovu yanatokea kisogoni. Nzuri, jamani! Nilimbebea yule mzee mitungi, nikamchekea mpaka mashavu yakauma. Siku ya kuondoka akampa Shaibu. Eti Shaibu ana mikono mipole.

Mikono mipole! Yangu ina miiba?

Basi ikawa kila mgeni anataka picha na Shaibu. Mimi naambiwa nishike kamera. Narudi nyumbani, mke wangu naye: "Lakini Shaibu kile kidude kimemkaa, yaani!" Siku hiyo sikula.

Na alikuwa anaitunza, hilo siwezi kumnyima. Akitoka baharini anaziba kwanza tundu la kuingizia hewa, ndipo anaiosha kwa maji ya bomba. Anaianika kivulini, maana jua linapasua mpira. Ananiita, "Kaka, njoo uone." Namjibu, "Nimeona," wala sijageuka.

Sasa, sisi tuna utaratibu wetu kwenye boti. Hupimi kifaa chako, anakupimia mwenzako. Kabla mtungi haujafunguliwa, anakiweka mdomoni anavuta. Hewa ikigoma kuja, kifaa ni kizima. Ikija, pana mahali pamepasuka. Na ukiambiwa kiko sawa huulizi mara ya pili, unavaa.

Siku ile tulikuwa nje ya Msimbati. Mto Ruvuma ulikuwa umemwaga tope, maji machafu, kwa hiyo tulitaka kushuka wawili kwanza tukaangalie, wageni wangoje. Nikachukua regulata ya Shaibu, nikavuta. Hewa ikaja. Kidogo tu, fyuu! Mwenyewe yuko pembeni anacheka na dada mmoja mgeni aliyekuwa anamsifia. Nikafuta mdomo.

"Iko sawa," nikasema.

Nilitaka aaibike tu! Anywe chumvi kidogo, apande anakohoa mbele ya wale wanaompiga picha. Wallahi sikutaka zaidi ya hapo. Kana kwamba bahari ingeniuliza nataka kiasi gani!

Tulipofika chini ule mpasuko ukaachia. Maji yakamjaa mdomoni. Nikamwona macho yamemtoka, anakuja kwangu mbio. Kwangu! Na mimi nikasita. Sijui ni kwa muda gani, ila nilisita, na Mungu aliniona. Ndipo nikampa kipumulio cha akiba cha mtungi wangu, tukapanda. Juu akatapika maji, akakohoa povu lenye damu. Alilazwa. Daktari akamwambia kwa mapafu yale asizamie tena maisha yake yote.

Leo yuko Mpapura, anapalilia mikorosho ya baba yake. Na mimi ndiye shujaa! Mama yake alinishika mikono yote miwili, analia: "Baba, umenirudishia mwanangu." Nikazipokea shukrani zake. Mke wangu ananisifu kwa majirani, nami naitikia. Sifa nilizokuwa nazitamani nimezipata zote, na kila moja inanikaba.

Mwezi uliopita Shaibu akaja na ile regulata, kaifunga kwenye kanga. Kaibadilishia mipira, kaisafisha inang'aa. "Kaka, hii sasa ni yako," akasema. "Bila wewe nisingekuwepo." Akapanda na sisi kwenye boti, anipimie kama zamani. Akavuta, akavuta tena, akatabasamu.

"Iko sawa, kaka. Shuka."

Jamani, sikuivaa! Shaibu hajawahi kunidanganya hata siku moja. Lakini yale maneno mimi nayajua, nimeyasema mwenyewe nikimtazama usoni. Nikadai nina mafua. Tangu siku hiyo sijashuka tena, si na ile wala na yangu.

Nyie mnaoumia mwenzenu akisifiwa, umieni. Nuneni, lieni chooni, gombaneni na mto wa kulalia. Lakini mwenzako akikukabidhi pumzi yake umpimie, mpimie kweli.

Shaibu bado ananipigia simu kila baada ya sala ya Ijumaa, kuuliza kama yale mafua yameisha.